Uvimbe wa zambarau kooni: kabla hujakubali ukatwe

Barua za safari hii zote zinagusa jambo moja ambalo si la kila siku: uvimbe wa mishipa ya damu kwenye koo la mtu mzima, ule ambao kwenye faili nyingi huandikwa hemanjioma. Majibu yameandaliwa na madaktari wa pua, koo na masikio kwa kushirikiana na wa radiolojia.

Habari za kazi, madaktari. Nina miaka 46. Kwa mwaka mzima ugali na nyama vinanikwama, ila chai na uji vinapita. Nikiinama kufunga kamba za viatu nahisi kitu kimejaa kooni. Daktari aliingiza kamera puani akaona uvimbe wa rangi ya zambarau nyuma ya ulimi, upande wa kulia. Hakukata kinyama cha kupima, akaniandikia MRI tu, kile kipimo cha picha kwa sumaku. Ndugu zangu wanasema anaogopa kuniambia ni saratani. Alifanya sawa? — Msomaji, Tanga

Alifanya sawasawa, na sababu umeiandika mwenyewe: ukiinama, kitu kinajaa. Saratani haituni na kunywea kwa kufuata ulivyokaa. Kinachofanya hivyo ni mkusanyiko wa mishipa ya vena iliyotanuka, yenye kuta nyembamba zisizo na misuli ya kutosha, na damu imetuama ndani yake kama maji kwenye sifongo. Ukiinama, ukijikamua chooni, ukikohoa au ukinyanyua gunia, presha ndani ya vena za shingo inapanda na uvimbe unatuna. Ukisimama wima, unanywea. Ndiyo maana daktari huweza kukuomba ufunge mdomo, ubane pumzi na usukume kana kwamba unapuliza puto huku kamera ikiwa bado ndani. Uvimbe ukitutumka na rangi yake ikakolea mbele ya macho yake, nusu ya jibu ameshaipata.

Kuhusu kinyama: ukiwa macho, umekaa kwenye kiti cha kliniki, hakuna namna ya uhakika ya kuzuia damu inayochuruzika nyuma ya ulimi, sentimita chache tu juu ya njia ya hewa. Damu hiyo haimwagiki nje ukaiona. Inaingia kwenye mapafu. Kama kinyama kinahitajika kweli, hukatwa kwenye chumba cha upasuaji, mgonjwa akiwa kwenye nusukaputi, mpira wa kupumulia umeshapitishwa, na damu ya kundi lake iko tayari.

MRI inajibu maswali mawili ambayo kamera haiyawezi: uvimbe umezama kina gani, na damu iliyomo inakwenda kasi au imetuama. Kwenye picha za T2, aina mojawapo ya picha za MRI, ambazo mng'ao wa mafuta umezimwa, uvimbe wa vena hung'aa mweupe kabisa, na mara nyingi mtu anagundua kwamba kile kilichoonekana kooni ni ncha tu, sehemu kubwa imejificha kwenye misuli ya ulimi au pembeni mwa koromeo. Vidoadoa vyeusi vya mviringo ndani ya weupe huo huwa ni vijiwe, yaani damu iliyoganda ikashika chokaa. Kwenye CT, yaani eksirei ya kompyuta, vijiwe hivyo huonekana vyeupe, na vikionekana daktari hana haja ya kubahatisha. Lakini ikionekana michirizi myeusi ya damu inayokwenda kasi, basi ateri zimeungana moja kwa moja na vena, na hapo matibabu ni mengine kabisa: huanza na kuziba ateri zinazoulisha uvimbe.

Kabla ya kipimo mwambie fundi kama una chuma chochote mwilini na kama figo zako zina shida, kwa sababu utachomwa dawa ya kung'arisha picha. Ukimaliza, usiondoke na karatasi ya majibu peke yake. Omba picha zenyewe kwenye CD au flashi. Atakayekutibu atataka kuziona kwa macho yake, na kurudia MRI kwa sababu ya karatasi ni kuchoma pesa.

Jambo moja tungemwongezea daktari wako. Ukanda wa Afrika Mashariki una saratani nyingi ya umio kuliko sehemu nyingi za dunia, na dalili yake ya kwanza ni hiyohiyo ya vyakula vigumu kukwama. Kuwa na uvimbe wa vena hakumkingi mtu na ugonjwa wa pili. Kwa hiyo, MRI ikishasomwa, muulize kama umio wote umeangaliwa. Ukipelekwa kwenye endoskopi, mwambie anayeipitisha, kabla hajaanza, kwamba una uvimbe wa damu upande wa kulia nyuma ya ulimi, aupitie mbali. Na ukianza kukwama hata maji, uzito ukishuka, sikio likauma bila kuwa na ugonjwa, sauti ikakauka zaidi ya wiki 3 au tezi gumu likatokea shingoni, usisubiri tarehe ya kliniki.

Mama mkwe anasema kinachonisumbua ni kimeo, niende kwa fundi akakikate, nitapona siku hiyohiyo. Nilishaambiwa hospitali nina uvimbe wa damu kooni. — Mama wa watoto wawili, Singida

Usiende. Mheshimu mama mkwe, lakini kwa hili mkatalie. Kukata kimeo, yaani kilimi, ili kutibu kikohozi au koo hakujawahi kuwa tiba hata kwa mtu asiye na uvimbe: watu hufika hospitali wakivuja damu, wengine na usaha shingoni, na kisu kilichotumika kwa mtu mmoja hupita kwa mwingine. Kwako wewe hatari imezidi mara nyingi. Fundi anaangalia kwa mwanga wa mlangoni, anaona kitu kimening'inia, anakata. Uvimbe wa vena ukikatwa hivyo damu haisimami kwa kubanwa na kitambaa, kwa kuwa mishipa yake haina misuli ya kujikaza. Kama mama anahitaji kusikia kutoka kwa mtu mwingine, nenda naye kliniki siku ya miadi, aonyeshwe picha ya kamera. Hilo husaidia kuliko mabishano ya nyumbani.

Binti yangu alizaliwa na alama nyekundu iliyovimba shavuni, akapewa dawa ya propranolol, ikaisha. Mimi nina miaka 38 na nimeambiwa nina hemanjioma ya koo. Je, naweza kutumia dawa ileile? — Baba Amina, Mombasa

Bwana, haitakusaidia, na inaweza kukuumiza. Kilichokuwa kwa binti yako ni uvimbe halisi: seli za mishipa zinazozaliana kwa kasi katika miezi ya kwanza ya maisha, kisha zinafifia zenyewe polepole. Madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, ndio waliotangaza mwaka 2008 kwamba propranolol huzifanya zinywee, na tangu hapo imekuwa dawa ya kwanza kwa watoto. Chako kwa kawaida si seli zinazozaliana. Ni mishipa iliyoumbika vibaya tangu tumboni, ikakua pamoja nawe, na ikatanuka zaidi ulipobalehe, ulipoumia au ulipopata maambukizi. Haina kinachozaliana cha kuzimwa na dawa hiyo.

Tofauti hii ilipangwa vizuri mwaka 1982 na John Mulliken na Julie Glowacki huko Boston, lakini kwenye vyeti vya watu wazima bado yote mawili huandikwa hemanjioma, na mkanganyiko huzaa swali kama lako. Halafu kumbuka propranolol hupunguza mapigo ya moyo, hushusha presha na hubana njia za hewa kwa mwenye pumu. Kwa mtu ambaye tayari ana kitu kooni, kubanwa kifua ni balaa juu ya balaa.

Ninaishi na virusi vya ukimwi. Nina doa la zambarau kwenye kaakaa na lingine karibu na kidakatonge (kifuniko cha njia ya hewa), na kumeza kumeanza kuuma. Nimesoma kuhusu hemanjioma. Ndiyo yenyewe? — Msomaji, Mwanza

Inawezekana, lakini kwako hatuanzii hapo. Doa la zambarau kwenye kaakaa la mtu anayeishi na VVU linapaswa kuchukuliwa kuwa saratani ya Kaposi mpaka kipimo kionyeshe vinginevyo. Ukilibonyeza kwa spatula, uvimbe wa vena hunywea na kupauka kisha hujaa tena taratibu. Kaposi habonyei hivyo. Kaposi pia huwa na wenzake: madoa meusi au ya zambarau miguuni, puani, kwenye fizi, au mguu uliovimba.

Kwa bahati nzuri doa lako la kaakaa liko mahali ambapo kinyama kinaweza kukatwa kwa usalama na damu ikazuiwa, kwa hiyo hakuna haja ya kugusa lile la ndani. Nenda CTC, kliniki yako ya dawa za VVU, wiki hii, uliza kiwango cha virusi mwilini, na mwombe daktari akupeleke kwa wa kinywa au wa koo. Usiache dawa zako hata siku moja. Kaposi wa mapema hupungua kwa ARV zenyewe, na aliyefika kooni huongezewa dawa za saratani kwa dripu. Kikohozi chenye damu au pumzi fupi vikiingia, hiyo si ya kliniki tena, ni ya dharura.

Wengine wanaosoma hapa wasidhani hawahusiki: katika ukanda wetu Kaposi humpata pia mzee asiye na VVU.

Nimepimwa MRI: uvimbe wa vena wa sentimita 4 kwenye koromeo, unashuka hadi karibu na zoloto (kisanduku cha sauti). Nimeambiwa kuna sindano, kuna leza na kuna upasuaji. Nichague nini, na kila kimoja kinafanywaje? — Mwalimu, Iringa

Mwalimu, anza na swali ambalo hukuliuliza: ni lazima utibiwe? Uvimbe unaokuruhusu kula, kulala na kuongea, usiovuja damu, unaweza kuachwa ukaangaliwa kwa kamera kila baada ya miezi 6 hadi 12. Sababu za kutibu ni chakula kukwama, damu kutoka, kukoroma mpaka pumzi inakatika usingizini, au uvimbe kusogelea njia ya hewa. Chako cha kushuka hadi zoloto kinaangukia hapo mwisho, kwa hiyo hatushangai kwamba umeambiwa.

Kwa uvimbe wa ukubwa huo uliotapakaa, tungeanza na sindano. Inafanywa hivi. Kwanza unapimwa damu: wingi wake, uwezo wa kuganda, kiwango cha fibrinojeni (protini ya kugandishia damu) na kipimo cha D-dimer (mabaki ya damu iliyoganda ikayeyuka). Damu iliyotuama ndani ya uvimbe mkubwa huganda na kuyeyuka kila siku, ikamaliza vitu vya kugandishia mwili mzima, na hilo likigundulika siku ya upasuaji ni kuchelewa. Unafunga kula kwa saa 6, maji unaacha saa 2 kabla. Kwenye chumba unalazwa kwa nusukaputi. Anayekulaza ndiye mtu muhimu kuliko wote humo ndani, kwa kuwa mpira wa kupumulia lazima upite pembeni ya uvimbe bila kuukwaruza.

Halafu sindano nyembamba inaingizwa kwenye uvimbe kupitia mdomoni au shingoni, kwa kuongozwa na kamera au ultrasound. Damu nyeusi ikirudi kwenye bomba, sindano iko mahali pake. Kabla ya dawa inachomwa rangi ya kuonekana kwenye eksirei, ili waone inajaa kwenye uvimbe au inakimbilia kwenye vena kubwa za shingo. Ikikimbia, hawachomi: wanabana, wanahamisha sindano au wanaacha. Hatua hii ndiyo inayotenganisha mtaalamu na mbabaishaji. Ndipo dawa inaingia, inaunguza utando wa ndani wa mishipa, nayo inasinyaa na kushikana katika wiki zinazofuata.

Dawa inayopendwa kwa koo ni bleomisini, kwa sababu haivimbishi sana kama nyingine. Kwa mtu mzima kiasi cha mara moja kwa kawaida hakizidi yuniti 15, na vipindi hurudiwa kila baada ya wiki 6 hadi 8, mara nyingi vitatu au zaidi. Jumla ya maisha yote lazima iandikwe, kwa kuwa ikizidi inatia makovu kwenye mapafu, na mvuta sigara au mwenye ugonjwa wa mapafu anapaswa kusema mapema. Siku mbili za kwanza usibandikwe plasta isiyo ya lazima wala usijikune: ngozi iliyokwaruzwa wakati dawa iko mwilini hubaki na michirizi ya kahawia kwa miezi, pengine daima. Na kila utakapolazwa kwa nusukaputi siku za usoni, hata ni kwa jino, mwambie mtaalamu wa usingizi kwamba uliwahi kuchomwa bleomisini, maana oksijeni nyingi inaweza kuumiza mapafu yaliyopitiwa na dawa hiyo. Alkoholi kali ina nguvu kuliko zote, lakini huvimbisha vibaya na huweza kuua mishipa ya fahamu. Karibu na ile inayoendesha sauti, hatuipendi, sembuse kwa mwalimu.

Tatizo kubwa la sindano ni uvimbe wa baadaye. Unaweza kuamka salama, ukanywa uji jioni, kisha usiku wa pili koo likafunga. Kuvimba huendelea kwa siku 2 hadi 3, ndiyo maana hupewi ruhusa siku hiyohiyo, unapewa deksamethasoni ya kupunguza kuvimba, na wengine huachiwa mpira wa kupumulia au hutobolewa koo kwa muda kabla hata sindano haijagusa uvimbe. Usitafsiri kutobolewa koo kuwa ni kushindwa. Tundu lililotobolewa mchana kwa utulivu ni bora mara mia kuliko la saa 8 usiku.

Leza inafaa kwa uvimbe mdogo wa juujuu, au kumalizia kilichobaki baada ya sindano. Ya Nd:YAG yenye mawimbi ya nanomita 1064 huzama milimita kadhaa na kugandisha damu. Daktari hupiga nukta zilizoachana, haungi, ili utando wa juu usioze. Leza ya kaboni dioksidi, ambayo hospitali nyingi ndiyo zilizo nayo, hukata vizuri lakini haizibi mshipa mnene, hivyo peke yake haifai hapa. Hatari ya pekee ya leza ni moto ndani ya njia ya hewa: oksijeni hushushwa chini ya asilimia 30, mpira wa kupumulia hutumika ule uliotengenezwa maalumu kwa kazi ya leza, na kiputo chake cha kuuzibia hujazwa maji ya chumvi badala ya hewa.

Kisu kinabaki kwa uvimbe wenye shina au wenye mpaka unaoonekana pande zote. Uliotapakaa ukikatwa nusu, unarudi, na kovu linafanya kumeza kuwa kubaya kuliko mwanzo. Kuna pia vidonge vya sirolimu kwa uvimbe mkubwa usiogusika. Hupunguza maumivu na kuvuja, mara chache huumaliza, na vinahitaji damu ipimwe mara kwa mara kwa kuwa vinashusha kinga.

Mahali pa kwenda: omba rufaa kwenye hospitali yenye daktari wa koo na kitengo cha tiba radiolojia (matibabu yanayoongozwa na picha, kama sindano hizo) chini ya paa moja. Muhimbili imekuwa ikifundisha wataalamu wa tiba radiolojia tangu 2018. Popote utakapokwenda, uliza mambo matatu bila aibu: kitanda cha ICU kimetengwa kwa ajili yangu? Usiku nani anaweza kutoboa koo, na analala wapi? Mtagawa matibabu kwa vipindi vingapi? Atakayekuahidi kung'oa sentimita 4 zote kwa siku moja, mshukuru, kisha tafuta maoni ya pili.

Nina ujauzito wa miezi 5. Uvimbe wangu wa koo umekua na umeanza kutoa damu kidogo. — Bukoba

Homoni na ongezeko la damu mwilini huutanua, na mara nyingi hupungua miezi michache baada ya kujifungua. Kama ni kinundu chekundu kilichozuka haraka wiki chache zilizopita na kinavuja kwa kuguswa kidogo, huenda ni aina nyingine inayowapata sana wajawazito, ambayo hukatwa bila shida kubwa. MRI bila dawa ya kung'arisha inaruhusiwa. Sindano za bleomisini haziruhusiwi. Muhimu ni daktari wa koo, wa uzazi na wa usingizi wakutane kabla ya mwezi wa 8: kusukuma mtoto kunatunisha uvimbe, na kukulaza ghafla kwa upasuaji usiku bila wao kujua kilichoko kooni ndiyo hali tunayoiogopa.

Baba yangu ana miaka 70, ana uvimbe wa vena kooni na madaktari wamesema uangaliwe tu. Anameza aspirini ya moyo. Ale nini, na damu ikitoka tufanye nini? — Mtoto wake, Unguja

Aspirini msiiache kwa uamuzi wenu. Aliyeiandika na daktari wa koo wazungumze, kwa kuwa moyo usio na aspirini nao una hatari zake. Mnachoweza kuacha leo ni dawa za maumivu za dukani kama diklofenaki na ibuprofeni. Parasetamoli inatosha.

Chakula: adui namba moja ni mwiba wa samaki. Changu na tasi wenye vijimiba mzee apunguziwe. Apikiwe jodari au nguru, minofu ichambuliwe kwa vidole na siyo kwa macho. Mahindi ya kuchoma, miwa, chipsi kavu na maganda ya mkate mgumu vinakwaruza. Ugali uwe laini, tonge dogo, na mchuzi. Chai ipoe kwanza. Vidonge vikubwa muulizeni mfamasia kama vinaweza kusagwa, maana vingine vimetengenezwa viyeyuke polepole na kuvisaga ni kumpa dozi yote kwa mpigo. Mpimeni uzito kila wiki kwa mzani uleule. Akipoteza kilo 3 kati ya 60 ndani ya mwezi, mpango wa kuangalia tu umekwisha, arudi kliniki.

Choo kigumu kitibiwe, kwa sababu kujikamua kunaujaza uvimbe kila asubuhi. Miguu ya kitanda upande wa kichwani inyanyuliwe kwa matofali, sentimita 15 hadi 20. Mito mingi inakunja shingo tu. Na kama mzee bado anapuliza tarumbeta kwenye harusi, aachie vijana.

Damu ikitoka: mketisheni, ainame mbele, mdomo wazi, aiteme kwenye bakuli ili mwone ni kiasi gani. Asilazwe chali. Asimeze, asikoroge chumvi asukutue, na mtu asiingize kidole wala kitambaa kutafuta inapotoka. Michirizi kwenye mate iliyokoma yenyewe ni ya kupiga simu kliniki kesho yake. Damu ya kujaza kijiko na kuendelea, mate kushindwa kumezwa, sauti kubadilika kana kwamba ana tonge moto mdomoni, au mlio wa kukoroma anapovuta hewa akiwa macho, ni safari ya hospitali hapohapo, akiwa ameketi hata ndani ya gari. Chukueni zile picha za MRI. Ziwekwe mahali ambapo kila mtu wa nyumbani anapajua, pamoja na karatasi yenye maneno makubwa: ana uvimbe wa vena kwenye koromeo, upande gani, anatumia dawa zipi, na msipitishe mpira wa kupumulia kabla ya kuangalia kwa kamera.